Asbesto katika nyumba kuukuu za Doha: uliza kabla hujashika nyundo

Meko ya ukutani ni kitu adimu Doha. Ukiikuta ndani ya villa ya zamani, aghalabu ni pambo. Hata hivyo, anayetumwa kuivunja, au kung'oa bomba la moshi, tanki kuukuu la maji au paa la stoo katika mtaa wa Najma, aulize kwanza: kuna asbesto humu? Zamani madini haya yalitiwa kwenye mbao za kuzuia moto, kamba za kuziba milango ya majiko, vigae vya plastiki vya sakafuni na, zaidi ya yote, mabati ya saruji ya kijivu yenye mawimbi. Kwetu Afrika Mashariki, Kenya iliipiga asbesto marufuku mwaka 2006, lakini amri haibandui paa lililokwisha kuezekwa.

Kwa macho hutaitambua. Wapo wanaosema nyeupe haina neno, ya buluu ndiyo mbaya. Si kweli: aina zote husababisha saratani, na ikishachanganywa na saruji rangi yenyewe haionekani. Kipande kidogo, kikichukuliwa na aliyefunzwa, hupimwa maabara kwa hadubini. Kama hakuna majibu, chukulia kuwa ipo. Ikithibitika ipo, iachiwe kampuni iliyofunzwa na yenye kibali. Sheria ya Kazi ya Qatar, Namba 14 ya mwaka 2004, inamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi hatari za kazi tangu mwanzo, wala asimkate mshahara kwa ajili ya vifaa vya kujikinga. Basi mwulize msimamizi waziwazi, tena mkiwa kikundi. Swali la watu wanne halipuuzwi kirahisi kama la mmoja.

Na kama ubao umeshavunjika? Zima AC. Hili husahauliwa mno, kwa kuwa Doha AC huunguruma usiku na mchana, nayo hulizungusha vumbi au kulipeleka vyumba vingine. Toeni watu wote, fungeni mlango, mwiteni mwenye ujuzi. Msifagie. Msitumie mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi wala pampu ya upepo: nyuzi za asbesto ni nyembamba mno, hupenya kichujio na kurudi hewani.

Wanaoiondoa hufanya kazi taratibu na kwa maji. Hunyunyiza maji yenye matone ya sabuni ya vyombo, bila presha, wakachomoa misumari na kushusha bati likiwa zima. Grenda na drili hazina nafasi hapo. Barakoa iwe ya FFP3, na ndevu zinyolewe, la sivyo haibani. Kitambaa kilichofungwa usoni hakikingi chochote.

Joto ndilo huharibu mipango mizuri. Kuanzia Juni 1 hadi Septemba 15, kazi za nje juani hukatazwa saa 4 asubuhi hadi saa 9 na nusu alasiri, na hata nje ya saa hizo ovaroli ya kutupa ni tanuri. Mtu akizidiwa huvuta barakoa kidogo anywe maji, papo hapo vumbini. Bora kuanza alfajiri, zamu ziwe fupi, na maji yanywewe nje ya eneo baada ya kujisafisha.

Taka hufungwa katika mifuko miwili minene ya nailoni, huandikwa kwa lugha wanazosoma wabebaji, wala hazichanganywi na kifusi.

Ovaroli lowanisha, ikunje ndani nje, barakoa ivuliwe mwisho, kisha oga. Usiipeleke kwenye kambi ya wafanyakazi, kwenye chumba cha watu wengi na mashine moja ya kufulia. Uingereza wamekufa wake waliokuwa wakifua tu nguo za waume zao.

Maradhi ya asbesto huchukua miaka 20, hata 40, kujitokeza. Kwa hiyo andika daftarini tarehe, mtaa, jina la mwajiri na ulichovunja, ulihifadhi hadi utakaporudi Mombasa au Mwanza, umwonyeshe daktari atakayekupima mapafu. Kama unavuta sigara, mwambie hilo pia: sigara na asbesto pamoja huzidisha mno hatari ya saratani ya mapafu.