SOMO LA AFYA: NYOKA WA KUFUGA ANAPOTOROKA

Katika kutembelea kaya tumekuta vijana wanaofuga chatu wachanga ndani ya ndoo au gunia. Ukiwauliza wanajibu: chatu hana sumu. Ni kweli, hana. Lakini chatu wetu wa Afrika anaweza kuishi zaidi ya miaka 20 na kupita urefu wa mita 4, naye huua kwa kubana. Ndoo hiyo itamtosha mpaka lini?

Agosti 2013, katika mji wa Campbellton nchini Kanada, chatu wa aina hiyohiyo ya Afrika alitoroka usiku kutoka kizimba cha kioo, akapita kwenye njia ya hewa, akaangukia chumba walimolala watoto wawili ndugu, wa miaka 4 na 6. Aliwaua wote wawili. Kama kioo hakikumzuia, je, gunia na turubai?

Wengine wakimchoka humtupa usiku. Huko Florida, Marekani, wafugaji waliwaachia hivyo chatu wa Asia walionunuliwa wakiwa wadogo. Wakazaana kwenye vinamasi vya Everglades na kumaliza sungura na wanyama wengine sehemu nyingi. Mwaka 2012 serikali ikapiga marufuku kuwaingiza nchini. Hapa kwetu chatu ni mwenyeji wa pori, lakini ukimwachia karibu na njia ya kuni au ya maji, watakaomkuta ni watoto wa jirani.

Tena nyoka hubeba vijidudu vya salmonela katika kinyesi na ngozi. Huleta homa na kuhara, hatari zaidi kwa mtoto wa chini ya miaka 5. Usioshe ndoo yake bombani, na anayemshika anawe kwa sabuni.

Sheria ya wanyamapori ya Tanzania ya 2009 inakataza kukamata mnyama wa pori bila kibali, ndiyo maana wafugaji hawa hujificha, na nyoka akipotea hunyamaza. Kunyamaza huko kunatutisha kuliko nyoka mwenyewe. Akitoroka, waambie majirani saa ileile, ondoa watoto waliolala, kisha mwarifu kiongozi wa kijiji au sungusungu ili askari wa wanyamapori waitwe. Usiingize mkono shimoni. Sisi wahudumu wa afya hatukamati mtu.

Na je, una hakika ni chatu? Kifutu, ambaye wengine humwita bafe, ana madoa yanayomdanganya asiyemjua, akadhani ni chatu mdogo. Huyo ana sumu kali. Mtu akiumwa, mlaze atulie, mvue pete na bangili, funga kijiti kando ya mguu au mkono usichezecheze, mbebe hospitali. Msichanje, msinyonye, msikaze kamba. Jiwe jeusi tulilozoea nyumbani halitoi sumu. Linachelewesha tu mgonjwa kufika kwenye dawa.