Galoni, Debe na Lita: Ujue Ujazo Unaoulipia

Katika maduka na magulio ya Tosamaganga, kama kwingineko mkoani Iringa, mlaji husikia majina mengi ya ujazo: lita, galoni, debe, dumu na ndoo. Kati ya hayo, kipimo cha mfumo wa metriki, unaotumika rasmi nchini, ni lita. Mengine ama ni mabaki ya mfumo wa Kiingereza, ama ni majina ya vyombo tu. Katika somo hili tunaeleza namna ya kuyageuza kuwa lita, ili mlaji aweze kulinganisha bei.

Galoni. Galoni ya Kiingereza ni lita 4.546, ya Marekani ni lita 3.785. Dukani, kopo la rangi la lita 4 huitwa galoni, na dumu la lita 5 nalo huweza kuitwa hivyo. Neno moja, basi, laweza kuficha tofauti ya zaidi ya lita nzima.

Debe. Asili yake ni bati la mafuta ya taa la galoni 4 za Kiingereza, yaani lita 18.18. Ndoo kubwa ya kawaida ni lita 20. Anayelipia ndoo akapimiwa debe hupungukiwa na lita 1.8, katika madebe kumi, amepoteza lita 18, karibu debe zima. Debe lililobonyezwa ubavuni au kuinuliwa kitako hupunguza zaidi.

Kanuni. Kupata lita, zidisha galoni za Kiingereza kwa 4.546. Kupata galoni, gawanya lita kwa 4.546. Kwa bidhaa iliyofungashwa Marekani, tumia 3.785.

Mfano. Tuseme muuzaji wa kwanza anauza "galoni" ya mafuta ya alizeti kwa shilingi 24,000, na wa pili anauza dumu la lita 5 kwa shilingi 27,500. Wa kwanza aonekana nafuu. Lakini chombo chake kikiwa cha lita 4, kila lita ni shilingi 6,000. Kwa wa pili ni shilingi 5,500. Aliyeuliza lita ameokoa shilingi 500 kwa kila lita.

Kabla ya kulipa, tunamshauri mlaji:
1. Aulize, "Ni lita ngapi?"
2. Asome ujazo ulioandikwa kwenye chombo.
3. Agawanye bei kwa idadi ya lita.
4. Akitilia shaka kipimo, aombe kupimiwa upya mbele yake. Asiporidhika, atoe taarifa kwa Wakala wa Vipimo.

Zoezi. Pipa la chuma la galoni 44 za Kiingereza huchukua lita ngapi za maji?

Jibu. 44 × 4.546 = lita 200, kwa kukadiria.