Mawe ya Thika na Udongo wa Ruiru: Somo la Volkano na Matetemeko ya Nchi

Katika machimbo ya mawe yaliyo kandokando ya mto Ndarugu, kati ya Ruiru na Thika, wachongaji hupasua mwamba wa kijivu kwa nyundo na tindo tangu asubuhi hata jioni. Mawe hayo hupakiwa katika malori, yakaenda kujenga nyumba za Nairobi na za miji mingine. Watu wengi huyajua kwa bei yake, lakini si wengi wajuao asili yake.

Mwanafunzi wa sekondari afunguapo kitabu chake cha jiografia katika sura ya volkano na matetemeko ya nchi, huona picha za mlima Vesuvius wa Italia na za milima ya Japani. Hudhani kwamba mambo hayo ni ya nchi za mbali, ya kukaririwa kwa ajili ya mtihani na kusahauliwa kesho yake. Sivyo. Jiwe lililo katika ukuta wa nyumba yao ni majivu ya volkano.

JIWE LILIVYOFANYIKA

Zamani sana, mamilioni ya miaka iliyopita, volkano za sehemu hizi zilitoa vitu vya namna mbili. Kwanza ni lava, yaani mwamba ulioyeyuka kwa moto ukatiririka kama uji mzito, kisha ukapoa na kuwa jiwe gumu. Pili ni majivu ya moto yaliyorushwa juu kwa nguvu ya mvuke na gesi. Majivu hayo yalianguka na kutandaa juu ya nchi, tabaka juu ya tabaka. Na kwa joto lao na uzito wao yakashikamana yakawa mwamba. Mwamba wa majivu si mgumu kama wa lava, na kwa sababu hiyo fundi huweza kuuchonga kwa mkono.

Udongo nao ni hivyo hivyo. Miamba ya volkano ikipigwa na mvua na jua kwa miaka mingi huoza, ikawa udongo mwekundu wenye kina kirefu, usiotuamisha maji. Mbuni hupenda udongo wa namna hiyo, na ndiyo sababu mojawapo ya kuwapo mashamba ya kahawa pande za Ruiru na Thika. Ni katika kituo cha utafiti cha Ruiru ndipo ilipopatikana mbegu ya kahawa iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985.

Lakini upande wa mashariki, katika tambarare zisizopitisha maji vizuri, udongo ni mweusi. Huo huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Nyumba iliyojengwa juu yake bila msingi wa kufaa huota nyufa, na huenda mwenyewe akasema kwamba ni tetemeko. Kumbe si tetemeko, ni udongo.

BONDE LA UFA

Asili ya volkano hizo ni Bonde la Ufa, lililo magharibi ya Ruiru. Gamba la dunia mahali hapo linavutwa pande mbili, mashariki na magharibi, milimeta chache tu kila mwaka. Likivutwa hivyo huwa jembamba na kupasuka, na nchi iliyo katikati hudidimia. Mwamba ulioyeyuka chini hupata njia ya kupanda juu. Mlima Longonot, wenye kimo cha meta 2,776, uko kilometa 60 hivi tu kutoka Ruiru, na lava ilitoka huko hata katika karne ya 19. Moto huo wa chini una faida pia. Huko Olkaria, karibu na Longonot, mvuke wake umekuwa ukizungusha mitambo ya umeme tangu mwaka 1981.

TETEMEKO NI NINI?

Chukua tawi bichi la mbuni, ulipinde polepole. Kwanza litapindika tu. Ukizidi kulipinda litavunjika ghafula, na mkono wako utausikia mshtuko. Miamba ya chini nayo hupindika kwa miaka mingi, kisha huteleza ghafula penye ufa, na mshtuko wake ndio tetemeko.

Jambo hili lilionekana wazi tarehe 6 Januari 1928 huko Subukia, kaskazini ya Nakuru. Tetemeko la kipimo cha 6.9 hivi liliipasua nchi kwa urefu wa kilometa 38 hivi, na mahali pengine upande mmoja ulishuka zaidi ya meta 2. Tena mwezi Julai 2007, matetemeko mengi yalitokea karibu na mlima Gelai, kaskazini ya Tanzania. Lililo kubwa, la tarehe 17, lilikuwa na kipimo cha 5.9, na watu wa Nairobi walikimbia kutoka katika majumba marefu. Wataalamu waligundua baadaye kwamba mwamba ulioyeyuka ulikuwa ukijipenyeza chini ya nchi. Mwezi Septemba mwaka ule ule, volkano ya jirani, Ol Doinyo Lengai, ililipuka na kurusha majivu.

JINSI YA KUPIMA UMBALI

Tetemeko hutoa mawimbi ya namna mbili. La kwanza hupita katika mwamba kwa mwendo wa kilometa 6 hivi kwa sekunde. La pili kwa kilometa 3 na nusu hivi. Basi mahali pakiwa mbali zaidi, wimbi la pili huzidi kuchelewa. Kwa kila sekunde ya kuchelewa, hesabu kilometa 8. Chombo cha kupimia kikiwa Thika, na wimbi la pili likaja sekunde 18 baada ya la kwanza, tetemeko limetokea umbali wa kilometa 144 hivi, na huo ni karibu sawa na umbali wa kutoka Thika mpaka Subukia. Chombo kimoja huonyesha umbali tu. Vyombo vitatu vilivyo mahali mbalimbali huonyesha mahali penyewe.

NYUMBA NDIYO IUAYO

Hakuna mtaalamu awezaye kutaja siku ya tetemeko. Kwa hiyo asemaye kwamba litakuja kesho asisadikiwe. Liwezekanalo ni kujenga vema, kwa maana mara nyingi watu hawauawi na kutikisika kwa nchi, bali na kuta zinazowaangukia. Kenya ilitoa kanuni za ujenzi kwa ajili ya matetemeko mwaka 1973. Ukuta wa mawe yaliyopangwa kwa saruji haba husambaratika upesi. Ukuta uliofungwa pande zote kwa mkanda wa zege lenye vyuma hutikisika pamoja, wala haufumuki. Katika miji kama Thika na Ruiru, ambako majumba ya orofa huongezeka, kupunguza vyuma au saruji ili kuokoa fedha ni kuuza maisha ya wapangaji.

Tetemeko likija, aliye ndani ajifiche chini ya meza imara, mbali na madirisha, wala asikimbilie ngazi. Aliye nje akae mbali na kuta na nyaya za umeme. Aliye machimboni aondoke upesi chini ya ukingo wa mwamba.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Mwamba wa majivu unatofautianaje na mwamba wa lava?
2. Nyumba mbili zina nyufa: moja iko juu ya udongo mwekundu, na nyingine juu ya udongo mweusi. Ungeanza kuchunguza nini katika kila moja?
3. Wimbi la pili lilifika Thika sekunde 27 baada ya la kwanza. Tetemeko lilikuwa umbali gani? Tazama ramani: je, laweza kuwa la Gelai?
4. Tazama nyumba inayojengwa karibu na kwenu. Je, ina mkanda wa zege juu ya kuta zake? Kama hauonekani, mwulize mwashi sababu yake, kwa adabu.