Meza ya pool haifungwi

Safari hii hatuanzi na ugonjwa wala dawa. Tunaanza na meza. Wewe unayesoma Same mjini, Hedaru, Makanya, Ndungu, au kule juu Mamba na Chome, meza hii unaifahamu. Ina kitambaa cha rangi, ina matundu sita, na imezungukwa na washkaji ambao kila mmoja anajua kuliko yule anayecheza.

Je, pool ni mchezo mbaya? Wazee wengi watakuambia ni mchezo wa wahuni. Vijana nao watakuambia ni mchezo tu, kama bao au drafti. Kabla hujachagua upande, hebu tuangalie mchezo huu umetoka wapi na umebadilikaje. Utaona kwamba kugonga mpira kwa fimbo ni kule kule. Kilichobadilika ni nani anacheza, anachezea wapi, na mwisho wa siku hela inabaki kwa nani.

MAJANI YALIYOINGIA NDANI

Zamani sana watu wa Ulaya walicheza mchezo wa kusukuma mipira kwa fimbo kwenye majani, nje. Baadaye wakauingiza ndani, juu ya meza. Ndiyo maana kitambaa cha meza kikawa cha kijani: kilichukua nafasi ya majani. Mfalme Louis wa 11 wa Ufaransa alikuwa na meza ya namna hiyo katika karne ya 15. Kwa hiyo mchezo ulianza kwa wakubwa.

Mwanzoni mpira ulisukumwa kwa fimbo yenye kichwa kinene. Mpira ukikaa karibu na ukingo, kichwa kile kilishindwa kuufikia, hivyo wachezaji wakageuza fimbo na kutumia mkia wake. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mfaransa François Mingaud akaufanya mkia huo kuwa maarufu kwa kuuwekea kipande cha ngozi kwenye ncha. Sasa mpira uliweza kuzungushwa, kurudishwa nyuma na kupindishwa. Ile chaki unayoona watu wakisugua kwenye fimbo ni ya kuzuia ncha hiyo isiteleze.

Wewe wa kidato cha pili, hapo kuna somo lako la fizikia. Mpira ukigonga ukingo bila kuzungushwa, hutoka kwa pembe inayokaribia sana ile uliyoingilia. Mchezaji mzuri anapiga hesabu ya pembe hata kama hajui kuwa anapiga hesabu.

PEMBE ZILIZOPITA CHINI YA MILIMA YETU

Je, unajua mipira ya mchezo huu ilitengenezwa kwa nini? Kwa pembe za ndovu. Jino moja la tembo lilitoa mipira michache tu, minne au mitano hivi. Katika karne ya 19 Ulaya na Marekani zilitaka pembe kwa wingi, kwa ajili ya mipira hii, vinanda na vitana. Pembe za Afrika Mashariki zilipendwa kwa kuwa ni laini kuchonga.

Moja ya njia za misafara ilitoka Pangani, ikafuata bonde la mto Pangani, ikapita chini ya milima ya Upare kuelekea Kilimanjaro na nchi ya Wamasai. Pembe zilizoshuka kwa njia hiyo zilikwenda pwani na Zanzibar, kisha ng'ambo. Kwa hiyo mchezo huu ulichukua mali kwetu kabla babu zetu hawajauona hata mara moja.

Pembe zikawa ghali. Mwaka 1863 kampuni moja ya New York iliyotengeneza vifaa vya mchezo huu ilitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayepata kitu cha kutengenezea mipira badala ya pembe. Mmarekani John Wesley Hyatt akaja na selulodi, moja ya plastiki za kwanza duniani. Mwaka 1907 Leo Baekeland akaleta plastiki ngumu zaidi, bakelaiti. Mipira ya leo ni ya jamii hiyo ya plastiki ngumu. Biashara ya pembe kati ya nchi na nchi ilipigwa marufuku mwaka 1989, na tembo wa Mkomazi, jirani zetu, hawadaiwi tena mipira.

SARAFU INAINGIA MEZANI

Sasa sikiliza hili. Neno lenyewe "pool" kwa Kiingereza lina maana ya fungu la hela ambalo kila mtu ametia chake. Kule Marekani katika karne ya 19, nyumba za kuchezea kamari ya mbio za farasi ziliwekwa meza hizi ili wateja wasichoke wakisubiri farasi wakimbie. Watu wakauita mchezo kwa jina la dau. Sifa mbaya ya pool ilitokana na kamari iliyochezwa pembeni yake.

Badiliko kubwa lililofuata ni meza ya sarafu, iliyoenea katika baa za nchi za nje katikati ya karne ya 20. Unatia sarafu, mipira inashuka. Mpira wa rangi ukitumbukia, unabaki ndani mpaka ulipie tena. Mweupe peke yake ndio unarudi, kwa sababu umetofautishwa na mingine kwa ukubwa au kwa sumaku. Meza hii ni ndogo kuliko zile za vilabu vya wakubwa, na mashine yake haihitaji umeme. Baada ya biashara kufunguliwa nchini miaka ya 1980 na 1990, ilienea mijini, kisha vijijini. Siku hizi unaikuta hata mahali ambapo lori hupanda mlima kwa shida.

Tanzania ikawa na chama cha pool, na kwa miaka kadhaa kulikuwa na mashindano ya taifa yaliyodhaminiwa na bia ya Safari. Mabingwa walisifiwa, lakini jina la bia lilikuwa kwenye fulana zao. Halafu mwaka 2016 Rais John Magufuli akawasema hadharani vijana wanaocheza pool saa za kazi, na baadhi ya viongozi wa mikoa na wilaya wakapiga marufuku pool asubuhi. Mchezo mmoja ulikuwa na mabingwa wa taifa, na papo hapo ukawa alama ya uvivu.

HESABU: NANI ANAFUNGWA?

Chukua daftari. Tuseme umetoka mlimani, umepanga geto Same mjini ili uwe karibu na shule. Mama ameuza tangawizi, amekupa shilingi 40,000 za chakula cha mwezi.

Jumamosi unacheza na mshikaji wako. Tuseme mchezo mmoja ni shilingi 500, na aliyefungwa ndiye anayelipia meza. Pembeni mnawekeana dau la 1,000 kila mmoja. Mnacheza michezo 20. Mnalingana kabisa: wewe umeshinda 10, yeye 10.

• Dau: umepata 10,000, umetoa 10,000. Sare.
• Meza: umelipia mara 10. Umetoa 5,000.
• Mwenzako naye ametoa 5,000.
• Mwenye meza amepata 10,000, na hakushika fimbo.

Fanya hivyo Jumamosi nne. Umetoa 20,000. Nusu ya chakula chako imekwenda, na hakuna hata mtu mmoja aliyekuzidi! Hapo hatujahesabu soda wala sigara. Hatujamhesabu yule jamaa mjanja anayekuachia ushinde mara mbili, halafu anakuambia, "Tupandishe dau, dogo." Wachezaji wanafungwa, meza haifungwi.

Hesabu ni hiyo hiyo kwenye mikeka ya mpira katika simu na kwenye mashine za dubwi. Meza imekuwa ndogo mpaka inaingia mfukoni, lakini mwenye meza yupo. Kumbuka pia kwamba kwa sheria ya michezo ya kubahatisha ya mwaka 2003, aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza kamari.

KWA NINI KUACHA NI KAZI?

Mpira mweusi ukisimama mdomoni mwa tundu bila kuingia, unahisi nini? Unahisi ulikuwa karibu kushinda. Kumbe umekosa tu, kama aliyekosa kwa mbali. Lakini ubongo wako hutoa kemikali iitwayo dopamini unapotegemea zawadi, hata kabla hujaipata. Ndiyo maana aliyefungwa anasema, "Mmoja tu, nirudishe hela yangu." Ubongo wa kijana bado unakomaa, hasa sehemu inayosema "basi, inatosha".

Shirika la Afya Duniani linatambua kwamba uraibu wa kamari ni ugonjwa. Dalili zake ni hizi:

1. Unacheza ili kurudisha ulichopoteza.
2. Unadanganya nyumbani kuhusu hela au ulikokuwa.
3. Unakopa, au unauza daftari, nguo, hata simu ya ndugu.
4. Usipocheza unakuwa mkali au huna raha.
5. Unatoroka vipindi.

Tena meza nyingi zipo baa. Pale kuna pombe, kuna moshi wa sigara, na mara nyingine mirungi, ambayo kisheria ni dawa ya kulevya. Na wewe dada, yule anayekununulia chipsi na soda ili ukae umtazame akicheza, mara nyingi ana hesabu yake kichwani. Pombe ikiingia, kusema "hapana" au kukumbuka kondomu huwa kugumu, na virusi vya UKIMWI havijali nani alishinda mchezo.

BASI UFANYEJE?

Hatusemi usishike fimbo maisha yako yote. Pool bila dau, bila pombe na baada ya kazi ni mchezo wa akili na wa mkono uliotulia. Jiwekee masharti haya:

• Usiweke dau, hata la soda. Dau dogo ndilo linalofundisha dau kubwa.
• Hela ya chakula na kodi ya geto ilipe kwanza, au mpe mtu mzima unayemwamini akutunzie.
• Tafuta mchezo usio na mwenye meza: mpira wa miguu, netiboli, bao, drafti. Upareni tunajua kuitana kwenye msaragambo kuchimba mfereji. Kwa nini tusiitane kulima uwanja wa shule?
• Ukiona dalili mbili au tatu kati ya zile tano, mwone mwalimu wa malezi au nenda kituo cha afya. Unaweza pia kupiga simu 116, huduma ya simu kwa mtoto. Ni bure.

Na rafiki yako akizama, usimcheke. Mkalishe chini mpige naye hesabu ile ya michezo 20, kwa daftari na kalamu. Namba hazigombani na mtu.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Je, kupiga marufuku pool asubuhi kunatatua tatizo la kamari? Toa sababu.
2. Rudia hesabu yetu, lakini safari hii mwenzako ashinde michezo 14 kati ya 20. Umebakiwa na shilingi ngapi kati ya 40,000 baada ya Jumamosi moja? Na ya pili?
3. Katika kijiji au mtaa wenu vijana wana mahali gani pa kukutania pasipo na pombe wala dau? Kama hakuna, nani aombwe, na mtaanza lini?