SOMO LA 14: MCHEZO WA KUIGIZA HUTULIZA MOYO



Vita huua watu na hubomoa nyumba. Vita huacha pia jeraha lisiloonekana. Mtu aliyekimbia vita hushtuka usingizini. Hukaa kimya. Humwogopa hata jirani yake. Wahenga walisema: Mficha maradhi, kifo humuumbua. Jeraha la moyo nalo lisifichwe.

Waliokimbia na waliorudi

Mwaka 1996 vita vilizuka mashariki ya Zaire, nchi inayoitwa Kongo tangu mwaka 1997. Watu wengi wa Fizi na Uvira walivuka Ziwa Tanganyika wakaingia Kigoma. Mwaka huo huo kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa katika wilaya ya Kasulu.

Kuanzia mwaka 2005 baadhi yao walirudishwa kwa meli hadi Baraka, katika Fizi. Huko walikuta shida mpya. Mashamba yao yalilimwa na wengine. Waliobaki waliwashuku waliorudi, na waliorudi waliwashuku waliobaki. Katika miaka hiyo shirika la Search for Common Ground lilifundisha vikundi vya maigizo mashariki ya Kongo, ili vicheze vijijini na kupatanisha watu.

Mchezo hufanywaje?

Kwanza, waigizaji huwauliza wanakijiji ni jambo gani linalowagombanisha.

Pili, hutunga mchezo juu ya jambo hilo, bila kumtaja mtu. Huchezea hata chini ya mti.

Tatu, ugomvi unapopamba moto, mchezo husimamishwa. Watazamaji huulizwa, "Wewe ungefanyaje?" Anayetaka huingia uwanjani na kuchukua nafasi ya mwigizaji. Njia hii ilienezwa na Augusto Boal wa Brazili.

Husaidiaje?

Ni vigumu mtu kusema, "Mimi ninaogopa." Katika mchezo huyasema hayo kwa kinywa cha mwingine. Naye anayelima shamba la mwenzake, akiigiza mkimbizi aliyerudi, huonja uchungu wa kukosa pa kulima.

Tahadhari

Mtu asilazimishwe kuigiza msiba wake mwenyewe. Yaliyosemwa yasigeuzwe umbeya. Asiyepata usingizi siku nyingi aende zahanati. Tena, mchezo haurudishi shamba. Baada ya mchezo, wazee na viongozi wa kijiji wakae na wagomvi, wapatane.

Nasi wa Ihanja tunayo magomvi yetu ya mipaka ya mashamba, malisho na urithi. Darasa letu lina watu, na kivuli cha mti kipo. Tusingoje magomvi yawe makubwa. Tuyaigize, tuyazungumze, tuyamalize.

Maswali

1. Wakimbizi wa Fizi waliingia Tanzania kwa njia gani?
2. Waliporudi kwao walikuta shida gani?
3. Kwa nini mchezo husimamishwa katikati?
4. Chagueni ugomvi mmoja unaotokea vijijini. Uigizeni darasani bila kutaja jina la mtu.