Uyoga wa Mwituni na Hukumu ya Kuupiga Picha



Ametuandikia kijana mmoja katika wanafunzi wa darsa, akisema kuwa kila zinyeshapo mvua za masika yeye hutoka baada ya sala ya Alfajiri akaingia mwituni, akapiga picha za uyoga wa namna namna aukutao chini ya miti na juu ya magogo yaliyooza. Baba yake amemkataza kwa sababu tatu: kwanza, kuwa kupiga picha ni haramu, pili, kuwa uyoga ni makazi ya majini, na mwenye kuuchezea hupagawa, tatu, kuwa kazi hiyo ni upuzi usio na faida ya dunia wala ya akhera. Mwisho akaongeza swali la nne, nalo kwetu ndilo zito kuliko yote: jirani zake humuuliza, kwa kuzitazama picha zake, uyoga upi waliwa na upi hauliwi. Awajibu nini?

Ama la kwanza, maulamaa wamekhitilafiana juu ya picha za vyenye roho. Lakini visivyo na roho, jumhuri yao wameviruhusu, na dalili yao ni habari ya Ibn Abbas (R.A.) iliyo katika Sahihi mbili, kwamba alijiwa na mtu aliyekuwa akipata riziki yake kwa kutengeneza sura, naye baada ya kumwonya akamwelekeza kwenye miti na kila kisicho na roho. Mujahid peke yake ndiye aliyepokewa kuwa aliuchukia hata mchoro wa mti wenye matunda. Tena hiyo ni hukumu ya kuchora kwa mkono. Ama picha ya kamera, Sheikh Muhammad Bakhit, aliyekuwa Mufti wa Misri tangu 1914 hata 1920, aliiandikia risala nzima akaihalalisha hata kwa vyenye roho, kwani aliona kuwa mpiga picha haumbi kitu, bali hukizuia kivuli ambacho Mwenyezi Mungu amekwisha kukiumba.

Huenda mtu akasema: Wataalamu wa leo wanena kuwa uyoga si mmea, je, hautoki katika hukumu ya miti? Ni kweli kuwa si mmea. Mwaka 1969 mtaalamu wa Kimarekani, Robert Whittaker, aliitenga jamii ya kuvu mbali na mimea na wanyama, kwani haijitengenezei chakula kwa nuru ya jua, bali hukinyonya katika vitu vingine. Na kuta za chembe zake zina kitini, maada ile ile iliyomo katika gamba la kaa na kamba. Lakini sharti iliyotajwa katika habari ile si umea, ni kukosa roho. Na roho waikusudiayo mafakihi ni ile ya kiumbe mwenye kuhisi na kwenda kwa hiari yake. Uyoga hauna hayo. Basi kuupiga picha ni halali, hata kwa walio wakali katika mambo ya picha.

La pili ni khurafati. Watu huona pahala palipokuwa patupu jioni, asubuhi pana uyoga, wakadhani kuwa pana mkono wa jini. Sababu yake yajulikana. Huo tuuonao ni mfano wa tunda tu. Mwili wenyewe ni nyuzi nyembamba zilizotandaa ndani ya udongo au ndani ya mti, hukaa huko miezi na miaka, na ipatapo mvua tunda hujaa maji likafumuka kwa haraka. Ule wa kwenye vichuguu hupandwa na mchwa wenyewe: huokota majani makavu na vipande vya miti, wakavifanya shamba chini ya ardhi, wakaotesha kuvu ili wapate chakula. Huko Zambia uko uyoga wa mchwa ambao kofia yake hufikia upana wa mita moja. Na katika nchi za joto mna uyoga unaoteremsha wavu mweupe kama shela ya bibi harusi, hufunguka kwa muda wa saa chache, na harufu yake mbaya huwaita nzi wakauchukulia mbegu. Mwingine ni mdogo kama kiota chenye mayai. Likianguka tone la mvua ndani yake, yale mayai huruka mbali yakaote pengine. Je, mwenye kuyajua haya atamtaja jini, au atamsabihi Muumba?

Kwa hayo la tatu limekwisha kujibiwa nusu yake, kwani Qur'ani imetuamrisha mara nyingi kuangalia vilivyomo mbinguni na ardhini. Nusu ya pili ni kuwa kazi hii ilikuwa ya wazee wetu. Rashid al-Din Ibn al-Suri, tabibu aliyefariki mwaka 639 wa Hijra (1241-42), alikuwa akipanda milima ya Lebanon pamoja na mchoraji mwenye rangi zake, akamwonyesha mmea pale pale unapoota, auchore ungali mchanga, kisha ukikomaa, kisha ukikauka. Na kabla yake Ibn al-Haytham, wa karne ya tano ya Hijra, alieleza jinsi nuru ipitayo katika tundu ndogo inavyochora sura ndani ya chumba cha giza. Na hiyo ndiyo asili ya kamera. Leo sisi twashika kamera ndani ya simu zetu, tukaitumia kwa nyuso zetu wenyewe na kwa masengenyo.

Lakini elimu haipatikani ila kwa adabu yake. Mwenye kupiga picha ya uyoga na alale kifudifudi, kamera iwe sawa na kofia yake. Asitosheke na picha moja: apige ya juu, apige ya chini ya kofia palipo na vile vipande vyembamba kama kurasa za kitabu, na apige ya shina mpaka tako lake udongoni, kwani uyoga wa sumu kali mara nyingi huficha kikombe chini ya ardhi. Aweke sarafu kando ili kipimo kijulikane. Aandike tarehe, pahala, mti ulio karibu, na harufu. Akichukua kofia moja akailaza usiku kucha juu ya karatasi, nusu nyeupe na nusu nyeusi, asubuhi ataona rangi ya vumbi la mbegu zake. Wala asihamishe uyoga akaupanga pahala pengine ili picha ipendeze, kisha akadai ndivyo alivyoukuta. Huo ni uwongo, hata kama haukutamkwa kwa ulimi. Na msitu wenye wenyewe hauingiwi ila kwa idhini: wa serikali, kama Arabuko-Sokoke, kwa maafisa wake, na wa kaya, kwa wazee wa Kimijikenda, ambao ni jirani zetu na wana haki ya ujirani.

Sasa twaja kwenye swali la nne. Ewe kijana, ukiulizwa kwa picha kama uyoga waliwa, sema: "Sijui." Picha haina harufu, wala haionyeshi kilicho udongoni. Uko uyoga mweupe wa majanini ambao ukiwa mchanga hufanana mno na ule uliwao, na haubainiki ila kwa vumbi lake la kijani. Mwenye kuula hutapika na kuhara sana. Na uko mwingine ambao sumu yake haiondoki kwa kupikwa. Mlaji hukaa saa sita mpaka ishirini na nne hana dalili, kisha hutapika na kuhara, kisha hupata nafuu akadhani amepona, na kumbe ini lake laharibika. Kusema kuwa ulioliwa na konokono ni salama, au kuwa sarafu ya fedha hubadilika rangi ikipikwa na sumu, ni maneno ya kuua watu. Aliyekwisha kula na akimbizwe hospitali pamoja na mabaki ya uyoga wenyewe, wala asingoje dalili.

Wala mtu asitoe hoja kwa hadithi ya kam'a, ambayo Mtume (S.A.W.) aliihisabu katika jinsi ya manna na kuyataja maji yake kuwa ni dawa ya macho. Kam'a ni namna maalumu iotayo chini ya mchanga katika majangwa ya Uarabuni. Si kila uyoga wa Kwale au Kilifi. Sheria yamtoza dhamana ajifanyaye tabibu na hali si tabibu. Basi na ajifanyaye mjuzi wa uyoga hali kadhalika.

Limebaki la baba yako. Usimkabili kwa fatwa hii kana kwamba umemshinda. Kaa naye baada ya Magharibi, mwonyeshe picha moja moja, umweleze. Akiridhia, alhamdulillahi. Asiporidhia, jambo hili ni halali lakini si faradhi, na radhi ya mzazi ni bora kuliko picha elfu. Lakini twataraji ataridhia. Na pengine masika ijayo mtakwenda pamoja.

Wallahu aalam.