Matumizi Salama ya Winchi ya Mkono Katika Kung'oa Visiki

Baada ya mvua kubwa, kaya nyingi hulazimika kuondoa miti iliyoanguka na visiki vilivyo karibu na nyumba. Winchi ya mkono humwezesha mtu mmoja kuvuta mzigo uliowashinda watu kadhaa. Kwa nguvu hiyohiyo, huweza pia kuua.

Kwanza, usomwe uzito wa juu ulioandikwa kwenye winchi, nao usivukwe. Kisha winchi ifungwe chini kabisa ya shina la mti hai na imara, kwa mkanda mpana usiokata gome. Mizizi ya kisiki ichimbuliwe na kukatwa kabla ya kuvuta.

Waya ukaguliwe wote: wenye nyuzi zilizokatika au kujikunja usitumike. Blanketi zito au gunia litandikwe juu yake, ili ukikatika kasi yake ipungue. Watazamaji, hasa watoto, wakae mbali kuliko urefu wa waya, wala mtu asiuruke ukiwa umekaza.

Mpini ukiwa mgumu kupita kiasi, usirefushwe kwa bomba. Ugumu huo ni onyo. Badala yake, waya upitishwe kwenye roda iliyofungwa kwenye kisiki, na ncha yake irudishwe kwenye mti ulioshika winchi. Nguvu hukaribia kuwa maradufu, na mwendo hupungua nusu. Hivyo mnyororo, roda na mti huo sharti vihimili mzigo ulioongezeka.